Bolti, nati na masikio ya kuvutia gari lililokwama: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya wenye magari ya chasisi: Land Cruiser za 70, Prado, Hilux, Patrol, Defender, na zile Land Cruiser zilizorefushwa kwa ajili ya watalii. Ninaposema "sikio la kuvutia" nina maana ya kipande chochote cha chuma kilichofungwa kwenye chasisi ili mkanda, kamba au shakeli (pingu ya chuma ya umbo la U inayofungwa kwa pini) ishike hapo gari likikwama. Kiwe pete, tundu au kulabu. Nguvu ya tani moja ni karibu kilonyutoni 10.

Gari langu lilishuka melini likiwa na vipande viwili vya chuma vyenye matundu chini ya bampa ya mbele. Si vinatosha?

Mara nyingi havitoshi. Magari mengi ya mtumba yanayoshukia Mombasa na Dar es Salaam yamesafiri kutoka Japani ndani ya meli za magari, na humo yalifungwa sakafuni kwa mikanda. Vile vipande vyenye tundu la mviringo au la yai, vya bamba jembamba lililokunjwa, vilikuwa vya kazi hiyo: kuzuia gari lisihame meli ikiyumba. Mkanda wa melini huvuta kuelekea chini, na huvuta kwa nguvu ndogo ya kudumu. Gari lililozama kwenye udongo mweusi linavutwa kwa mshtuko, kwenda mbele au upande, kwa nguvu inayoweza kuzidi uzito wa gari lenyewe.

Namna ya kutofautisha: pima unene wa bamba na uhesabu bolti. Bamba la milimita 4 au 5 lililoshikwa na bolti moja ya M10 (yaani yenye kipenyo cha milimita 10) ni la melini. Chuma kinene kilichofuliwa, kilichokaa kwenye chasisi kwa bolti mbili au zaidi, huenda ni kulabu halisi ya kiwanda. Kitabu cha gari kitakwambia ipi ni ipi.

Wenye Defender wana historia ya upande wa pili. Pete zinazoitwa JATE zilichukua jina la kitengo cha Uingereza, Joint Air Transport Establishment, kilichoshughulikia usafirishaji wa vifaa vya jeshi kwa ndege. Nazo zilikuwa za kufungia gari, lakini zinashikwa na bolti inayopita chasisi kutoka upande mmoja hadi mwingine, na ndiyo maana raia wanazitumia kunasulia magari hadi leo. Ukizitaka, nunua zenye jina la mtengenezaji na uzito ulioandikwa. Nakala za vichochoroni zimejaa.

Sikio langu linatakiwa kubeba nguvu kiasi gani?

Mafunzo ya jeshi la Marekani ya kunasua magari yana kanuni rahisi kukumbuka. Gari lililozama hadi kimo cha matairi linahitaji nguvu takribani sawa na uzito wake. Likizama hadi kwenye madigadi, mara mbili. Likizama hadi kwenye kabini, mara tatu. Hapo mlima haujaongezwa.

Chukua Land Cruiser ya watalii yenye abiria, friji, mafuta ya akiba na mizigo juu: tani 3 zimefika bila shida. Masika, pale Ndutu karibu na Serengeti, au kwenye njia za Mara, kuzama hadi madigadi ni jambo la kawaida, kwa hiyo unazungumzia tani 6. Hesabu yoyote ya bolti ianzie hapo. Uzito wa gari tupu ulioandikwa kwenye kadi haukusaidii kitu matopeni.

Namba zilizo kwenye kichwa cha bolti zina maana gani?

Hili ndilo swali la kwanza ambalo ningependa kila mtu aulize kabla ya kufungua pochi. Bolti za milimita zina namba mbili zenye nukta katikati: 4.6, 8.8, 10.9, 12.9. Namba ya kwanza zidisha kwa 100, unapata nguvu ya kukatika kwa megapaskali, yaani nyutoni kwa kila milimita ya mraba. Namba ya pili inakwambia ni sehemu gani ya nguvu hiyo bolti itabeba kabla ya kuvutika na kutorudi tena urefu wake. Kwa hiyo 8.8 inakatika kwenye 800 na inaanza kuvutika kwenye asilimia 80 ya hapo, yaani 640. Ile 10.9 inakatika kwenye 1000 na kuvutika kwenye 900.

Pembeni ya namba hizo panatakiwa pawe na alama au herufi za aliyeitengeneza. Bolti yenye kichwa kitupu ichukulie kuwa ni 4.6, hata kama muuzaji anaapa. Rangi haina ushahidi: ile dhahabu-dhahabu ni zinki tu, inaweza kupakwa kwenye chuma laini kama inavyopakwa kwenye chuma kigumu. Ukiwa na wasiwasi, pitisha tupa kwenye kona ya kichwa. Tupa inakula bolti laini kirahisi, kwenye 10.9 inakula kwa shida. Si kipimo cha maabara, ila kimeniokolea pesa.

Bolti nyingine zina mistari badala ya namba, na za Toyota zina namba moja tu. Vipi hizo?

Zenye mistari ni za inchi, za Kimarekani. Mistari mitatu ni gredi 5, karibu sawa na 8.8. Mistari sita ni gredi 8, karibu sawa na 10.9. Watu huchanganya hapa: wanasikia "gredi 8" wakadhani ni 8.8, na kinyume chake. Tofauti yake ni kubwa.

Toyota hupiga namba moja kichwani, kwa mfano 7 au 11. Izidishe kwa 10, unapata nguvu ya kukatika kwa kilo kwa kila milimita ya mraba, kwa hiyo 11 ni karibu na 10.9 au zaidi kidogo, na 7 iko chini ya 8.8. Ukifungua bolti ya kiwanda yenye 11 usiirudishie 8.8 kwa sababu "zinafanana".

Kama ni hivyo, si ninunue 12.9 moja kwa moja?

Hapana, na nitaeleza kwa kirefu kidogo maana kishawishi ni kikubwa. Bolti za 12.9 zinapatikana kirahisi, hasa zile za kichwa cha mviringo zenye tundu la ufunguo wa Alen, na bei yake si ya kutisha. Zina nguvu zaidi. Lakini kadiri chuma kinavyofanywa kigumu ndivyo uvumilivu wake unavyopungua. Bolti ya 8.8 iliyozidiwa huvutika kwanza. Ukikagua utaiona imerefuka au nati imelegea. Ya 12.9 inatoa onyo dogo zaidi.

La pili ni haidrojeni. Bolti ngumu sana zikipakwa zinki kwa umeme bila utaratibu makini, haidrojeni huingia ndani ya chuma na kuipasua siku kadhaa baada ya kukazwa, gari likiwa limeegeshwa tu. Hatari hiyo huongezeka sana kwenye ugumu wa 12.9. Ndiyo maana nyingi huuzwa zikiwa nyeusi zenye mafuta, na hizo nyeusi chini ya gari hushika kutu haraka. Kutu nayo inazalisha haidrojeni. Umejifungia mduara.

Kwa sikio la kuvutia, 10.9 ndiyo chaguo langu, na 8.8 ya saizi kubwa zaidi ni chaguo la heshima kabisa. Ukibanwa kati ya M12 ya 12.9 na M14 ya 8.8, na tundu linaruhusu, chukua M14.

M10, M12 au M14?

Chukua bolti ikikatwa kwa upande, nyuzi zikiwa mahali pa kukatwa. Kwa kukadiria, nguvu ya kuikata ni asilimia 60 ya ile ya kuivuta hadi ikatike. M10 ya 4.6 inakatika kwenye tani 1.4 hivi. M10 ya 8.8 inafika 2.8. M12 ya 8.8 inafika 4, na ya 10.9 inafika 5. M14 ya 8.8 ni 5.5, ya 10.9 karibu 7. M16 ya 8.8 ni 7.5.

Hizo ni nguvu za kukatika, si za kufanyia kazi. Gawa kwa mbili angalau. Sasa rudi kwenye zile tani 6 za Ndutu: sikio lenye M10 mbili zisizo na namba litakatika chini ya tani 3. Sikio lenye M12 mbili za 10.9 lina tani 10 za kukatika; ukiligawia kazi na mwenzake upande wa pili wa chasisi, mna 20 kwa pamoja. Hapo unalala usingizi.

Na usitazame bolti peke yake. Bolti nne za 10.9 kwenye pembe ya chasisi iliyoliwa na kutu zitatoka zikiwa nzima kabisa, na kipande cha chasisi juu yake.

Fundi anasema tundu za kiwanda ni za M12 lakini bolti nilizonunua zinaingia nusu zinakwama.

Umenunua hatua tofauti ya nyuzi, yaani umbali kutoka uzi mmoja hadi unaofuata. M12 ya kawaida ya madukani ina hatua ya milimita 1.75. Toyota hupenda M12 yenye 1.25, yaani nyuzi za karibukaribu. Usilazimishe kwa bomba la kuongezea spana. Utaua nyuzi za nati iliyochomelewa ndani ya chasisi, na kuitoa hiyo ni kazi ya siku nzima. Peleka dukani bolti ya zamani, au kipimo cha nyuzi, ulinganishe kabla ya kulipa.

Hiyo nati ya ndani ina mambo mengine mawili. Kwanza, hujui ugumu wake. Iliwekwa na kiwanda kwa bolti ya kiwanda, na ukiingiza bolti ngumu zaidi ukaikaza kwa kipimo cha bolti ngumu, nyuzi za nati ndizo zitakazochanika. Pili, ina matope na kutu ya miaka. Isafishe kwa tapu (chombo cha kukatia nyuzi za ndani) ya saizi na hatua sahihi, weka mafuta, puliza upepo, kisha ingiza bolti kwa mkono mizunguko mitano au sita kabla ya kugusa spana.

Urefu nao. Bolti ishike nyuzi za nati zote na ibaki ikichungulia nyuzi mbili au tatu upande wa pili. Ikiwa fupi, umekopa nguvu ya nati isiyokuwepo.

Nati na washa zina umuhimu gani?

Sawa na bolti. Nati nazo zina namba: 8 inaenda na 8.8, 10 inaenda na 10.9, 12 inaenda na 12.9. Kuweka nati laini kwenye bolti ngumu ni kosa ninaloliona zaidi kuliko mengine yote, kwa sababu muuzaji anahesabu bolti kwa makini halafu anachota nati kutoka kwenye kopo.

Washa iwe ngumu, iliyoandikwa 300 HV (kipimo cha ugumu) kwenye paketi. Ile laini huzama chini ya kichwa cha bolti, na mkazo wote ulioupata kwa spana unapotea baada ya wiki. Washa za springi, zile zilizokatwa, kwenye bolti za 10.9 hazifanyi kitu: zinalala bapa muda mrefu kabla bolti haijafika mkazo wake. Kinachozuia kulegea ni mkazo wenyewe, nati yenye pete ya nailoni, au gundi ya nyuzi ya nguvu ya kati, ile ya buluu.

Chasisi yangu ni ya boksi. Naweza kutoboa na kupitisha bolti ndefu upande hadi upande?

Unaweza, kwa sharti moja: ndani ya boksi kuwe na bomba fupi nene, lenye urefu sawa kabisa na upana wa ndani, ambalo bolti inapita katikati yake. Bila hilo bomba, ukikaza unaminya kuta za boksi. Zinapinda kidogo, unakaza tena, zinapinda tena. Hakuna mkazo utakaobaki hapo.

Mahali pa kutoboa ni suala lingine. Usitoboe juu wala chini ya mkono wa chasisi, yaani ile boriti ndefu ya kila upande. Huko ndiko chuma kinakovutwa na kubanwa kila gari linaporuka tuta. Toboa ubavuni, karibu na katikati ya kimo. Kutoka katikati ya tundu hadi ukingo wa bamba lolote kubaki angalau mara moja na nusu ya kipenyo cha tundu. Tumia keekee, si moto wa gesi. Kisha paka rangi ya zinki ndani ya tundu kabla ya kufunga, hasa kama gari linaishi Lamu, Bagamoyo au Unguja.

Kwa Land Cruiser zilizorefushwa, kaa mbali kabisa na pale chasisi ilipoungwa.

Fundi anataka kuchomelea tu. Anasema ni imara kuliko bolti.

Kuna mafundi wa kuchomelea ambao ningewakabidhi maisha yangu, na kuna wengine. Shida ni kwamba ukitazama kwa nje huwezi kujua. Bolti unaweza kuisoma namba, kuipima na kuibadilisha. Mchomeleo unaopendeza unaweza kuwa umeshika juu juu tu.

Tena chuma cha kulabu iliyofuliwa, cha shakeli na cha bolti ngumu kimepata nguvu yake kwa kupashwa moto na kupozwa kwa utaratibu. Ukikichomelea unafuta kazi hiyo. Kwa hiyo usichomelee kamwe kichwa cha bolti ya 10.9 "isilegee", na usichomelee shakeli kwenye bampa. Bamba la chuma cha kawaida lililochomelewa na fundi mzuri kwenye bamba lingine, kisha bamba hilo likafungwa kwa bolti kwenye chasisi, hilo linakubalika.

Bamba la sikio liwe nene kiasi gani, na tundu saizi gani?

Anza na shakeli, kisha rudi nyuma. Shakeli ya inchi 3/4 ndiyo inayofaa magari haya: imeandikwa tani 4.75 za kufanyia kazi, mwili wake ni milimita 19 na pini yake milimita 22. Ile ya inchi 5/8 imeandikwa 3.25 na pini yake ni 19. Maandishi yawe yamefuliwa kwenye chuma chenyewe. Shakeli isiyo na maandishi iache ifanye kazi ya kufungia mlango wa banda.

Tundu liwe kubwa kuliko pini kwa milimita 1 hadi 3. Bamba liwe milimita 16 hadi 20, au mabamba mawili ya 10 yaliyobanwa pamoja. Bamba jembamba linaipa pini mahali padogo pa kukalia, na shakeli inalala upande ikivutwa kwa pembe. Kwa wanaotumia shakeli laini za kamba, kingo za tundu zisagwe hadi ziwe mviringo. Kamba hizo zina nguvu ya kushangaza lakini ukingo mkali unazikata mara moja.

Nimefunga bolti sahihi, namba sahihi, na bado ya nyuma imekatika. Kwa nini?

Huenda haikukatwa kwa upande. Ilinyofolewa.

Sikio likifungwa chini ya mkono wa chasisi, bolti zikiwa zimesimama wima, na tundu la kuvutia likawa chini zaidi ya hapo, unapovuta mbele sikio linataka kubinuka: pua inapanda, mkia unashuka. Mkia unashikiliwa na bolti ya nyuma. Tuseme tundu liko milimita 60 chini ya chasisi, na bolti ya nyuma iko milimita 80 kutoka mahali sikio linapoegemea mbele. Gawa 60 kwa 80: robo tatu ya nguvu yote ya kuvuta inaigeukia bolti hiyo kama nguvu ya kuinyoosha. Ukivuta tani 6, bolti moja inanyooshwa kwa tani 4.5, na bado ina sehemu yake ya nguvu ya kukata. M12 ya 8.8 hapo imefika ukingoni, kwani inaanza kuvutika karibu na tani 5.

Dawa ni kupandisha tundu karibu na chasisi, kutenganisha bolti mbalimbali kadiri nafasi inavyoruhusu, au, bora zaidi, kuongeza bolti moja au mbili za ubavuni. Sikio la umbo la L, linaloshika chini na ubavu wa chasisi kwa pamoja, linaondoa karibu tatizo lote. Ukienda kununua, hili ndilo la kutazama kwanza, kabla ya rangi nyekundu na maandishi makubwa ya tani. Masikio mengi ya bei ndogo yana chuma kinene ajabu na bolti mbili zilizokaribiana kama meno ya mbele.

Nikaze kiasi gani?

Kwa spana inayopima, kwa nyutoni-mita, nyuzi za kawaida na mafuta kidogo ya kiwandani: M10 ya 8.8 takribani 47, M10 ya 10.9 takribani 69. M12 ya 8.8 takribani 80, ya 10.9 takribani 115. M14 ya 8.8 takribani 130, ya 10.9 takribani 190. Nyuzi za 1.25 huongeza kidogo kwenye M12. Kama mtengenezaji wa sikio au kitabu cha gari kimetoa namba, fuata hiyo. Na kama unaingia kwenye nati ya chasisi, kipimo kinaamuliwa na nati.

Ukipaka grisi nyingi kwenye nyuzi, msuguano unapungua, na spana ikisoma namba ileile bolti inakuwa imevutwa zaidi ya ulivyokusudia. Paka mafuta kidogo, au punguza namba.

Kwa nini kujisumbua? Kwa sababu bolti iliyokazwa vizuri haikatwi kirahisi. Inabana mabamba mawili hadi yasiteleze, na msuguano ndio unaobeba mivuto midogo ya kila siku. Iliyolegea inagongwa kila mvuto, mbele na nyuma, hadi inachoka.

Bolti za chuma kisichoshika kutu?

Zile za kawaida, zilizoandikwa A2-70, zinaanza kuvutika kwenye megapaskali 450 tu, chini ya 8.8. Za A4-80 ni bora, lakini bado chini. Nyuzi zake pia hupenda kung'ang'aniana zikikazwa kavu. Zifunge kwenye madigadi na vishikio vya jagi la maji. Kwenye sikio la kuvutia weka chuma cha kaboni kilichopakwa zinki, na kibadilishe kikianza kuliwa.

Naweza kuvuta kwa mpira wa tela, ule wa duara nyuma?

Usivute. Usivute hata kama umetumwa na bosi.

Mpira huo umepimwa kwa tela linalobiringika barabarani. Shingo yake ikivunjika chini ya mkanda unaovutika, unaruka na kupenya kioo na mtu aliye nyuma ya kioo. Watu wamekufa hivyo, Australia na kwingineko.

Kama una boksi la tela la inchi 2 (lile tundu la mraba anapochomekwa ulimi wenye mpira), toa ulimi wa mpira, ingiza kipande cha chuma chenye tundu la shakeli, na ukifunge kwa pini yake. Hakikisha lile boksi lenyewe limefungwa kwenye chasisi kwa bolti zenye namba. Kupitisha kitanzi cha mkanda moja kwa moja kwenye pini ya milimita 16 kunaikunja pini, na kuitoa hapo ni nyundo na matusi.

Sikio moja au mawili?

Mawili, yaliyounganishwa kwa mkanda mfupi, na mkanda mrefu unashika katikati. Angalia pembe kati ya miguu miwili ya mkanda mfupi. Ikiwa digrii 60, kila sikio linabeba asilimia 58 ya mvuto. Ikifika 120, kila moja linabeba mvuto mzima, na lingine pia, na yote mawili yanavutwa kuelekea ndani. Kwa hiyo mkanda mfupi usiwe mfupi mno.

Unapotumia winchi na puli, kumbuka kwamba pale puli inaposhika panabeba karibu mara mbili ya nguvu ya winchi. Winchi ya pauni 9,500 ni tani 4.3, puli ikishika kwenye gari lililokwama, sikio lake linaona zaidi ya 8.

Bampa ya mabomba niliyotengenezewa ina kulabu. Je?

Fungua uone inavyoshika chasisi. Bampa nyingi za mtaani zimefungwa kwa M10 nne zilizokusudiwa kubeba uzito wa bampa na kumzuia ng'ombe. Kulabu iliyochomelewa kwenye bomba lake itabaki na bomba, na vyote viwili vitakwenda na gari linalovuta.

Vipi RAV4, Harrier na wenzao wasio na chasisi?

Lile jicho la kuskurubu lililo kwenye mkoba wa jeki ni la kuvutwa barabarani taratibu. Liingize hadi mwisho wa nyuzi. Baadhi ya magari ya Ulaya nyuzi zake hukazwa kinyume. Likikwama matopeni, chimba kwanza, weka mbao au mawe chini ya tairi, kisha vuta polepole kwa mkanda usiovutika. Ule mkanda wa mpira-mpira unaohitaji mwendo wa kasi usiutumie hapo hata kidogo.

Nikague lini, na nini?

Baada ya mvuto wa kwanza, kaza tena. Piga mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye bamba. Mstari ukivunjika, nati imezunguka na utaona bila kuingia chini. Baada ya mvuto mkubwa wa mshtuko toa bolti, ulaze bolti mpya pembeni yake na ulinganishe nyuzi. Ikiwa zimeachana, imevutika, na inakwenda kwenye chuma chakavu pamoja na nati yake. Tazama pia tundu la chasisi: likianza kuwa la yai, bolti ngumu zaidi haitakusaidia, hapo anahitajika fundi wa chasisi.

Na siku ya kuvuta, wageni washuke na wakae mbali angalau mara moja na nusu ya urefu wa kamba, pembeni, si kwenye mstari wake. Tandika blanketi zito au koti lenye maji juu ya kamba. Mwenye simu anayetaka video arekodi kutoka huko huko aliko.